Nasaba ya Miti: Namna ya Kuwafundisha Watoto Kuipambanua Mimea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiotesha mimea kwa jinsi zake na rangi zake na ladha zake, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya, yajulikane ya kuwa mtoto wa pwani huzaliwa kati ya miti, na huishi kwa miti, na huku haijui miti. Nyumba alalayo imeezekwa kwa makuti na kusimamishwa kwa boriti. Mkeka akaliao ni wa ukindu. Kamba afungiayo mbuzi ni ya makumbi. Wino wa chuoni, na wanja, na hina ya dadaye, asili ya vingi katika hivyo ni mimea. Lakini akiulizwa boriti ile imetoka katika mti gani, atasema, "Mkoko." Akiulizwa, "Mkoko upi?" atanyamaza. Naye si wa kulaumiwa, kwani hakufundishwa. Na yule aliyestahiki kumfundisha amedhani ya kuwa jambo lililo mbele ya macho halihitaji mwalimu.

Kijitabu hiki kimekusudiwa mzazi na mwalimu wa chuo. Makusudio yake ni jambo moja, nalo ni hili: mimea ina jamaa na koo, mfano wa nasaba katika watu; na nasaba hiyo haijulikani kwa mahali mti ulipoota, wala kwa ukubwa wake, wala kwa kazi yake, bali kwa alama zilizomo katika ua na tunda na mbegu. Na mtoto hawezi kuzipata alama hizo kwa kuhifadhi maneno ndani ya chumba. Hana budi kutolewa nje akazione.

MLANGO WA KWANZA
Katika kubainisha haja ya elimu hii

Haja ya kwanza ni ya sharia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, zaka ya mazao hutolewa katika vyakula vya kutegemewa viwezavyo kuwekwa akiba, kama mpunga na mtama na mahindi, na katika matunda ni tende na zabibu. Nisabu yake ni wasaki tano. Mtu mwenye jinsi mbili za nafaka hachanganyi hii na hii ili nisabu itimie: ngano haiongezwi juu ya shayiri. Lakini naui mbalimbali za jinsi moja huchanganywa, kama tende za namna mbalimbali zilivyo zote ni tende. Basi mwenye shamba asiyejua lipi ni jinsi na lipi ni naui, atajuaje kama zaka imemlazimu?

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277 wa Miladi, ametaja katika Minhaj nafaka iitwayo alas, akaihisabu kuwa ni naui ya ngano, basi huchanganywa nayo. Kisha akataja nafaka nyingine iitwayo sulti, ambayo rangi yake yafanana na ngano na tabia yake yafanana na shayiri. Wanavyuoni walihitilafiana juu yake: wako walioitia katika shayiri, na wako walioitia katika ngano, na kauli iliyotangulizwa ni kuwa sulti ni jinsi peke yake. Mtu na azingatie hapa. Mafakihi hawa walikuwa wakiuliza suali lile lile analouliza mwenye elimu ya mimea: vitu viwili vikifanana kwa sura, ni alama gani itakayoamua kama ni ndugu au si ndugu? Basi na asidhani mtu ya kuwa kuipanga mimea ni mchezo wa watoto wa skuli.

Haja ya pili ni ya uhai. Watoto hutembea viungani, nao hutia vitu midomoni. Mbegu za mturituri ni nyekundu zenye jicho jeusi, nzuri za kutungwa ushanga. Mtoto akizitafuna huweza kufa. Mbegu za mbono na za mbarika hupendeza mfano wa njugu, nazo zina sumu. Mnanaha humwondoa mtu akili, ukamkausha kinywa, ukampanua mboni za macho. Baba anayemwambia mwanawe, "Usile vitu vya porini," amesema kweli, lakini hajamfundisha kitu. Kwani mtoto huyo huyo humwona babaye akila ukwaju wa porini na zambarau za njiani.

Haja ya tatu ni ya riziki. Kwa miaka mingi majahazi yalichukua boriti za Lamu na za Rufiji mpaka Arabuni na Ghuba. Miti ilikatwa ikapungua, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikakataza boriti kupelekwa nchi za nje. Siku hizi watu wa pwani huipanda tena mikoko. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, wenyeji walianza mwaka 2013 kulinda na kupanda mikoko na kupata malipo kwa hewa ya ukaa inayozuiliwa na miti hiyo, wakaitumia fedha kwa maji na skuli za vijiji vyao. Lakini mwenye kupanda asiyejua naui za mikoko hupoteza kazi yake. Kila mmoja una mahali pake katika kupwa na kujaa kwa maji, na mche uliopandwa pasipo pake hufa, japo uliopandwa na mikono mia.

MLANGO WA PILI
Katika kubainisha ya kuwa wa kale nao walitoka nje

Elimu ya mimea si ngeni kwa Waislamu. Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyefariki karibu ya mwaka 282 wa Hijra, alitunga Kitabu cha Mimea, akakusanya ndani yake maneno ya Waarabu juu ya miti na majani ya nchi yao. Baada yake kwa zaidi ya miaka mia tatu alitokea Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga katika Andalusi, aliyefariki Damaski mwaka 646 wa Hijra, yaani 1248. Mwalimu wake, Abu al-Abbas an-Nabati, alikuwa akitoka naye kuokota mimea kando ya mji wa Seville. Naye Ibn al-Baytar alipokuwa mkubwa akafanya vivyo hivyo kwa wanafunzi wake. Ibn Abi Usaybia, mwenye kuandika habari za matabibu, ameeleza ya kuwa alitoka pamoja naye katika viunga vya Damaski, wakaiangalia mimea mahali pake ilipoota. Kitabu cha Ibn al-Baytar kimetaja dawa na vyakula vipatavyo 1,400, navyo vimepangwa kwa harufi za alifu, be, te.

Katika zama zao alikuwapo Rashid ad-Din as-Suri. Huyu alikwenda milimani pamoja na mchoraji mwenye rangi zake. Akiuona mmea, humwamrisha mchoraji auchore ulipo mchanga, kisha auchore ulipo na ua na mbegu, kisha auchore uliokwisha kukauka. Ili msomaji asidanganyike akiukuta katika hali moja tu. Hili ni jambo kubwa kwa mwalimu: mmea ni kama mtu, una utoto wake na uzee wake, na anayeuona mara moja hajaujua.

Huko Sweden akatokea Linnaeus, aliyezaliwa 1707 na kufa 1778. Alikuwa mwalimu katika mji wa Uppsala, na wanafunzi wake walimfuata makonde na misituni, wakakusanya mimea na kuileta mbele yake aitaje na kuieleza. Mwaka 1753 alitoa kitabu ambacho ndani yake kila mmea umepewa majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la jinsi, la pili ni la naui. Mnazi ni Cocos nucifera. Mndimu, na mlimau, na mchungwa, na mbalungi, yote huanza kwa neno Citrus, kwa kuwa ni jinsi moja. Faida ya majina haya ni kuwa hayabadiliki kwa kubadilika miji. Kwani mti uitwao muia huku Mombasa, wako watu wa Mrima wauitao msinzi, na wawili wakibishana juu ya majina huenda wakawa wanausema mti mmoja.

Lakini Linnaeus aliipanga mimea kwa kuhisabu nyuzi za kiume zilizomo ndani ya ua, na mpango huo, ingawa ulikuwa mwepesi kwa wanaoanza, uliweka pamoja mimea isiyo ndugu na kutenga iliyo ndugu. Mwenyewe alijua ya kuwa ni mpango wa kusaidia tu. Mpango wa harufi nao ni hivyo hivyo, huweka jirani vitu visivyohusiana. Waliokuja nyuma yake walitazama alama nyingi pamoja. Na katika mwaka 1998 wataalamu walizipanga upya jamaa za mimea ya maua kwa kupeleleza chembe za urithi zilizomo ndani yake. Mafunzo yatokayo hapa ni haya: alama moja ni shahidi mmoja. Mwenye kuhukumu kwa shahidi mmoja huenda akakosea.

MLANGO WA TATU
Katika somo la kwanza, nalo ni kupambanua kabla ya kutaja jina

Mwalimu asianze kwa majina. Mtoto akipewa jina huridhika, akaacha kutazama. Na aanze hivi: awatoe watoto mpaka kiungani, awaambie kila mmoja alete majani matatu ya mimea mitatu, pamoja na ua au tunda likipatikana. Wayaweke chini juu ya jamvi. Kisha awaambie, "Yapangeni yaliyo ndugu pamoja." Asiseme zaidi.

Mara ya kwanza watayapanga kwa ukubwa: makubwa huku, madogo huku. Mwalimu atawauliza, "Jani changa la mwembe na jani kuukuu la mwembe, si ndugu?" Watavunja mafungu na kuanza tena. Mara ya pili watayapanga kwa kazi: ya kuliwa huku, ya dawa huku. Atawauliza, "Mmea ambao jani lake ni mboga na mzizi wake ni chakula, utauweka wapi?" Hapo watashindana. Kushindana huko ndiko somo. Na mwalimu asikukatize kwa kutoa jawabu upesi.

Somo la pili ni la mbegu. Watwae vifuu viwili, watie mchanga wa maji, katika kimoja wapande mahindi na katika kimoja wapande kunde. Baada ya siku chache hindi litatoa jani moja lililojiviringa, na ukunde utachomoza na vipande viwili vinono. Hapa pana mgawanyiko mkubwa katika mimea ya maua. Katika jamaa za jani moja wamo mahindi, mpunga, mtama, muwa, mwanzi, kitunguu, tangawizi, mgomba, mtende na mnazi. Mishipa ya majani yao kwa kawaida huenda sambamba, na sehemu za maua yao mara nyingi ni tatu tatu. Katika wenye majani mawili wamo mwembe, mkorosho, mkunde, mpamba na wengi wengineo. Mishipa yao hufumana mfano wa wavu, na sehemu za maua yao mara nyingi ni nne nne au tano tano.

Kisha mwalimu awapeleke chini ya mnazi, awaulize, "Mti huu uko karibu zaidi na mwembe au na nyasi?" Wote watasema mwembe, kwa kuwa yote miwili ni mirefu. Naye atawaonyesha: mwembe una matawi, na shina lake hunenepa kila mwaka, mnazi hauna tawi, na mishipa ya kuti lake ni sambamba kama ya jani la muwa. Mnazi ni jamaa wa mbali wa nyasi, si wa mwembe. Na mgomba uliokwisha kukatwa mkungu wake wakiupasua kwa kisu, wataona ya kuwa lile walilolidhani shina ni maganda ya majani yaliyofunikana, moja juu ya jingine. Mgomba si mti. Ni jani kubwa lililosimama.

MLANGO WA NNE
Katika jamaa za kiungani, na hatari iliyomo ndani yake

Baada ya hayo watoto watafundishwa jamaa chache zilizo karibu na nyumba, kila jamaa kwa alama yake.

Jamaa ya mndimu: jani likiinuliwa juu kulielekea jua huonekana vitone vingi vinavyopitisha mwanga, navyo ni vifuko vya mafuta, likisuguliwa hunukia.

Jamaa ya mbamia: ndani ya ua nyuzi za kiume zimeungana mashina yake. Katika ua la mbamia na la mpamba huonekana kama nguzo moja katikati. Katika jamaa hii wamo pia mbuyu na msufi. Mtoto atastaajabu kuambiwa ya kuwa mbuyu, mnene kama nyumba, ni jamaa wa mbamia wa mamaye. Basi na aoneshwe maua yao, aache kustaajabu na aanze kufahamu.

Jamaa ya mwembe: utomvu wake huchoma ngozi. Katika jamaa hii yumo mkorosho, uliotoka Brazili na kuletwa na Wareno. Watoto waoneshwe pia ya kuwa bibo silo tunda la kweli. Ni kikonyo kilichovimba, na tunda lenyewe ni ile korosho iliyo nje.

Jamaa ya mkunde: mbegu zimo ndani ya ganda, na kwa wengi wao ganda hupasuka pande mbili. Wamo kunde, choroko, mbaazi, njugu, mkwaju, na msandarusi uliokuwa ukitoa sandarusi ya biashara.

Jamaa ya bilingani: ua ni kipande kimoja chenye pembe tano, na tunda lina mbegu nyingi. Wamo bilingani, nyanya, pilipili na tumbaku.

Jamaa ya muhogo: maua ya kiume na ya kike ni mbalimbali juu ya mmea mmoja, na tunda lina vyumba vitatu, kila chumba na mbegu yake.

Hapa mwalimu asimame, kwani hapa ndipo penye hatari. Mtoto mwerevu akisha kujua jamaa hizi, atasema moyoni mwake, "Kunde huliwa, basi kila chenye ganda kama la kunde huliwa." Na mturituri ni katika jamaa ya mkunde. Atasema, "Nyanya huliwa". Na mtunguja na mnanaha ni katika jamaa ya nyanya. Atasema, "Muhogo huliwa". Na mbarika na mbono ni katika jamaa ya muhogo, na muhogo wenyewe ukiwa mbichi una sumu, hata uandaliwe kama inavyopasa. Kwa hivyo mtoto na afahamishwe waziwazi: nasaba hueleza mmea umetoka wapi, haielezi tabia yake. Katika nyumba moja huzaliwa mwema na mwovu. Kujua jamaa ni kujua mahali pa kutahadhari, wala si ruhusa ya kula. Mwalimu asiyesema hili amewapa watoto nusu ya elimu, na nusu hiyo huua.

MLANGO WA TANO
Katika somo la mikokoni

Somo hili ni la watoto waliokwisha kupita masomo ya kiungani, na ndilo lenye faida zaidi kwa watu wa pwani. Siku yake ni ya bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwani siku hizo maji hupwa sana karibu ya saa nne au saa tano asubuhi, na watoto hupata muda wa kwenda na kurudi kabla ya maji kujaa.

Watu husema "mikoko" wakakusudia miti yote isimamayo katika maji ya chumvi. Mtoto ataanza kuipambanua kwa mizizi, kwani ndiyo aionayo kwanza. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopindika kama miguu ya kaa, itokayo juu ya shina ikaingia matopeni. Muia una mizizi inayoinuka na kurudi chini mfano wa magoti. Mchu hutoa vijiti vyembamba vingi vilivyosimama kama kalamu. Mlilana nao hutoa vijiti, lakini ni vinene, vyenye ncha. Mkomafi una mizizi bapa, yenye kujipinda juu ya matope kama nyoka. Mizizi hii huuvutia mti pumzi, kwa sababu matope hayana hewa. Kisha wayatazame majani: jani la mchu wakati wa jua kali huonekana chembe za chumvi juu yake, kwani mti huu huitoa chumvi kwa majani, na jani la msikundazi upande wa chini lameta mfano wa fedha.

Watoto wakisha kuyajua haya, mwalimu atawauliza suali la nasaba: "Je, miti hii yote ni ndugu?" Wote watasema ni ndugu, kwa kuwa yote inakaa pamoja, inakunywa maji mamoja, na yote ina mizizi ya ajabu. Na jawabu ni kuwa sivyo.

Mkoko na muia na mkandaa ni jamaa moja kweli, na alama yao ni kubwa: mbegu zao huota zingali juu ya mti, zikaning'inia kama fimbo za kijani, kisha zikaanguka matopeni hali ni miche. Lakini mlilana si jamaa yao. Mlilana ni jamaa ya mhina na mkomamanga. Watoto wakitwaa tunda la mlilana na komamanga na kitunda cha mhina wakaviweka pamoja, wataona ya kuwa kile kikombe cha ua hakianguki, hubaki na tunda mpaka mwisho: kwa komamanga ni taji, kwa mlilana ni nyota iliyo chini ya tunda, kwa mhina ni vijani vidogo vinne, na ndani ya kila kimoja mna mbegu nyingi. Mkomafi ni jamaa ya mwarobaini. Katika maua ya yote miwili nyuzi za kiume zimeungana zikafanya mrija mmoja. Msikundazi ni jamaa ya mbuyu na mbamia. Na mchu una jamaa yake nyingine kabisa.

Basi miti hii ni kama watu wa bandarini. Mgeni akishuka chomboni akawaona wote wamevaa kanzu na kofia, wote wasema lugha moja, hudhani ya kuwa ni ukoo mmoja. Akikaa nao akawauliza, hupata ya kuwa huyu babu zake walitoka Barawa, na huyu Hadhramaut, na huyu ni Mtikuu, na huyu ni Mdigo. Mahali pamewafunza mavazi na desturi, lakini nasaba zao zi mbalimbali. Vivyo hivyo matope na chumvi vimeipa miti hii mizizi ya namna moja, na jamaa zake hazikubadilika. Katika Sura ya Ra'd, aya ya 4, imetajwa ishara ya vipande vya ardhi vilivyo jirani, vinavyonyweshwa maji mamoja, na matunda yake yakafadhiliana kwa ladha. Mtoto aliyesimama mikokoni akayaona haya kwa macho yake, atakapoisoma aya hiyo chuoni ataisoma kwa ufahamu mwingine.

Na faida ya kazi hufuata faida ya elimu. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari, mahali ambapo miti mingi mingine haiwezi. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha muia na mkandaa. Na mchu hupatikana upande wa bahari na pia upande wa bara, mahali penye chumvi nyingi. Mtoto ajuaye haya, atakapokuwa mtu mzima akaenda kupanda, hatatia mche wa mkandaa penye mawimbi. Wala hatakata mlilana wa mbele kwa kudhani ya kuwa "mikoko ni mikoko", akauacha mji wazi kwa bahari.

MLANGO WA SITA
Katika adabu za kutoka nje

Ya kwanza, mtoto asionje kitu chochote wakati wa somo, hata kile ajuacho ya kuwa huliwa. Na wakirudi wote wanawe mikono kabla ya kula.

Ya pili, utomvu usiguse macho. Wanaochuma majani ya muhogo, mbono au mkorosho watumie kisu, si vidole.

Ya tatu, kitwaliwe kidogo. Jani moja na ua moja hutosha watoto kumi. Shamba la mtu haliingiwi ila kwa idhini yake, na tunda la mtu halichumwi kwa hoja ya elimu.

Ya nne, kila mtoto awe na daftari. Jani likaushwe kati ya karatasi chini ya ubao mzito, kisha libandikwe, na pembeni yake iandikwe siku, mahali, jina la mtaani, na alama tatu alizoziona mwenyewe. Alama asizoziona asiziandike, japo mwalimu amezitaja.

Ya tano, mti mmoja utembelewe mara nyingi katika mwaka: wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, wenye ua na wenye tunda, kama alivyofanya as-Suri kwa mchoraji wake.

Ya sita, waulizwe wazee. Mkata boriti, na mvuvi, na mama mwenye kutwanga dawa, wanajua alama ambazo hazimo katika kitabu. Mwalimu asione haya kuwapeleka wanafunzi mbele yao na yeye mwenyewe kukaa chini pamoja na wanafunzi.

MLANGO WA SABA
Katika masuali yanayoulizwa

Suali: Je, somo hili halitawapunguzia watoto muda wa kusoma Kurani?

Jawabu: Asubuhi moja katika mwezi hutosha. Na katika Kurani yenyewe imetajwa mitende na mizabibu na mizeituni na mikomamanga na nafaka, na mahali pengine pamoja na maneno ya kumwamrisha mtu atazame. Mtoto asiyepata kutazama mti, amesoma amri hiyo asiifuate.

Suali: Je, si elimu ya kigeni hii ya majina ya Kilatini?

Jawabu: Majina ni chombo. Jinsi na naui na fasli ni maneno ya wanavyuoni wa mantiki waliyoyasoma vijana wa madrasa tangu zamani. Linnaeus alitumia jinsi na naui kwa mimea, kama walivyotumia mafakihi kwa nafaka za zaka. Na mtoto si lazima ahifadhi Kilatini. Lazima yake ni kujua alama.

Suali: Mwalimu asiyejua majina ya miti yote, je, yafaa afundishe?

Jawabu: Yafaa, kwa sharti mbili: atazame pamoja na watoto, na asiseme asilolijua. Nabii Adamu alifundishwa majina na Mola wake. Wanawe wameachiwa kujifunza. Mwalimu akisema, "Mti huu jina lake halijajulikana hapa, lakini tazameni, ua lake lina sehemu tano, na nyuzi zake zimeungana nguzo moja," amekwisha kuwafundisha ya kuwa huenda ukawa ni wa jamaa ya mbamia. Na wakirudi mjini watamwuliza mzee mmoja, na jina litapatikana.

Suali: Na aliye mjini, asiye na kiunga wala pwani ya mikoko?

Jawabu: Aende sokoni. Katika kikapu kimoja cha mboga zimo jamaa tano au sita. Bilingani na nyanya na pilipili zipasuliwe ziwekwe pamoja, bamia ikatwe, maganda ya mbaazi yafunguliwe, ndimu ikatwe kwa upana wake, vyumba vyake vihisabiwe. Kisha siku ya mapumziko awachukue watoto nje ya mji, wakauone mmea umesimama juu ya mizizi yake.

Basi mzazi na ajaribu jambo hili kwa mti mmoja tu ulio karibu na mlango wake. Amketishe mwanawe chini ya mti huo, asimwambie jina lake, amwulize: "Jani lake limekaaje? Ua lake lina sehemu ngapi? Mbegu zake zimelalaje? Na ni mti gani mwingine, katika yote uliyoiona, wenye alama kama hizi?" Atakayejibu suali hili la mwisho kwa macho yake mwenyewe ameingia katika mlango wa elimu hii, na kuanzia siku hiyo hatapita njiani kama apitavyo kipofu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kuwafikishwa.